Ng'ombe Asiyetaka Kitu

Mimi nauza unga wa mahindi na pumba zake katika soko dogo la Dilala, na ninachojua kuhusu watu nimekijulia hapo, nyuma ya meza ya mbao na ndoo ya kupimia. Mtu akisimama mbele yangu ataangalia unga mweupe, halafu ataulizia ule mwingine. Atasema mama wa pale kwenye kona ana kipimo kikubwa kuliko changu. Atajifanya anaondoka. Hayo yote hayanisumbui, maana anayejifanya anaondoka anataka kitu, na anayetaka kitu tutapatana tu. Nimepatana na askari wa barabarani. Nimepatana na ndugu wa marehemu mume wangu, ambao hawakuja kwa nia hiyo.

Kabla ya yule ng'ombe, sikuwa nimesimama mbele ya kiumbe kisichotaka chochote nilichonacho.

Tunakaa, mimi na mama yangu, katika nyumba ya zamani ya kampuni. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba akafuata kazi hiyohiyo, na nyumba ikabaki kwetu pamoja na kiwanja kirefu kule nyuma. Majirani kadhaa wamechimba viwanja vyao kutafuta kobalti. Kuna nyumba ukikaa sebuleni unasikia watu wanaongea chini ya sakafu. Mama alikataa shimo.

"Shimo njo ilimaliza kifua ya baba yako," alisema. "Mi nataka kitu yenye inakula majani."

Hivyo tukapata ng'ombe wa maziwa kutoka shamba moja la upande wa Tenke. Alikuja juu ya lori, mwekundu mwenye mabaka meupe, tayari ana mimba. Nilihesabu chuchu zake kushoto, kisha nikazunguka nikazihesabu kulia, maana upande wa pili wa ng'ombe ndiko wauzaji wanakoficha mambo. Kutoka upande wowote zilikuwa nne.

Habari ya ng'ombe ilifika kwa wachimbaji kabla hajashuka kwenye lori. Kwetu wanaamini maziwa yanaosha kifua. Mtu ameshinda shimoni akivuta vumbi la kobalti, jioni anatafuta maziwa kama mwingine anavyotafuta bia, na maziwa ya kopo hayaaminiwi sana. Wanasema ni unga, na unga juu ya vumbi unafanya matope. Maziwa mabichi ndiyo dawa. Wakaanza kupita getini, wakiuliza atazaa lini.

Wa kwanza wao alikuwa kijana mrefu aliyetoka Kivu, mwenye Swahili ya kunyoosha ambayo wenzake walimchekea. Alikuwa anakohoa akigeuza uso pembeni, kwa adabu, kana kwamba kikohozi ni cha mtu mwingine aliye nyuma yake.

"Mama, akizaa, unikumbuke mimi wa kwanza," alisema.

"Kukumbuka ni kazi," nikamjibu. "Weye utaleta nini?"

Ndivyo mpango wangu ulivyozaliwa, na sitasema uongo, niliupenda. Kila anayetaka maziwa alete chakula cha ng'ombe sasa, atakunywa baadaye. Kiangazi kilikuwa kimekausha majani yote, na yale ya kando ya barabara yalikuwa mekundu kwa vumbi la malori. Nilikuwa nikiyakung'uta mara mbili kabla ya kumpa. Nani angekataa kusaidiwa? Wakaleta mahindi. Wakaleta viazi vitamu, maganda ya muhogo, ukoko wa bukari, ugali wetu, kutoka vyungu vya mama wauza chakula, na ndoo za machicha ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, machicha yenye harufu ya uchachu mtamu inayovuta nzi mtaa mzima. Mimi nikaongeza pumba zangu mwenyewe. Mama akasimamia ugawaji. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: huyu ni mja mzito, na kwetu mja mzito hapitiwi mikono mitupu.

Ng'ombe alinenepa. Mgongo ukawa meza. Watu walisimama kwenye ukuta wa nyuma kumsifu.

"Angalia ile mapaja," alisema mmoja. "Sawa bibi ya deputé."

"Deputé mwenyewe, na mushahara ya bunge, hakule hivi," alijibu mwenzake.

Kwetu ukimwambia mtu amenona, umemwambia mema. Mama alikuwa akipokea sifa hizo kama za mtoto wake.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki yake, akiwa na kisanduku cha dawa kimefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Nilimwita aangalie kama ndama amekaa vizuri tumboni. Alipapasa mbavu za ng'ombe, akapapasa tena, akaja upande wa pili.

"Mama, mbavu iko wapi?"

"Iko ndani, docta. Wapi tena?"

"Mi naitafuta, siione."

Akasimama akijifuta mikono. Alisema huyu amenona kupita kiasi, na mafuta ya mimba si akiba ya kuchezea. Alisema chakula cha nguvu kina wakati wake. Sasa hivi ale majani, hata makavu. Majuma ya mwisho mwisho aanze kupewa pumba kidogo, ziongezwe polepole ili tumbo lizoee. Akishazaa, hapo ndipo atahitaji nguvu kweli, maana maziwa yatatoka mengi kuliko anavyoweza kula. "Leo unamushibisha, kesho atakataa," alisema. "Na kesho njo siku ya kula."

Sikumwamini. Fundi anayeanza kwa kukuambia kitu chako kina kasoro, mara nyingi anajiandalia njia. Labda aliona usoni mwangu, akatoa simu kunionyesha kwamba hayakuwa maneno yake peke yake. Kulikuwa na maandishi marefu, na juu yake picha ya mbogo. Mbogo kabisa, mweusi, pembe zimejikunja nyuma, na chini yake mtu amechuchumaa anamkamua.

Mama alikuja kuchungulia. "Uyu mutu anatafuta nini chini ya mbogo?"

"Maziwa, kaku," alisema daktari, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu. "Kule Asia banamukamua. Wanaeleza hapa namna ya kumulisha mbele na nyuma ya kuzaa."

Kwetu mbogo ni mnyama ambaye ukisikia amepita, unapanda mti kwanza, unauliza baadaye. Na mimi nikaona mlango umefunguka, kama vile mteja anapokubali kwamba kipimo cha mama wa kwenye kona kina shimo.

"Docta, hii si ya mbogo?"

"Tumbo ni moja, mama. Ng'ombe, mbogo, ni vilevile."

"Mbogo ni kali. Mi niko na ng'ombe, tena mupole. Utamupimia dawa ya mbogo?"

"Ondoa pumba yote."

"Nusu."

"Mama, si bei ninakutajia."

"Nusu, na machicha tunaacha."

"Umupe robo," akasema, kwa kuchoka, akiwa ameshapanda pikipiki.

Nikakubali robo. Nilirudi ndani nikiwa nimefurahi, na nikapunguza kweli mpaka robo, sikudanganya, robo ni robo. Lakini robo ile ilikuwa ya pumba zangu. Ndoo za watu sikuziingiza kwenye hesabu, hata za machicha, maana yeye alijibu robo tu, na juu ya hizo hatukupatana.

Alizaa asubuhi, bila mtu kumvuta, mvua za kwanza zikiwa bado zinanuia tu kule upande wa mashimo. Ndama jike. Nilihesabu miguu, nikahesabu tena. Mama alifunga kitambaa safi kichwani, akapika uji wa sukari, akaupeleka kwa ng'ombe ndani ya beseni, kama alivyowapelekea wazazi wote wa mtaa huu kwa miaka yake yote.

Ng'ombe alinusa beseni. Akageuza kichwa upande mwingine.

"Amechoka," alisema mama. "Atakunywa."

Jioni alikula majani machache. Kesho yake pumba hakuzigusa. Kijana wa Kivu alikuja na chupa yake ya plastiki, ameiosha mpaka inang'aa, na mkono mwingine ameshika viazi vitamu. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, yalikuwa ya ndama, kwa hiyo nilimwambia asubiri. Hakulalamika. Alimnyooshea ng'ombe kiazi kimoja, akimsemesha taratibu kama mtu anayebembeleza shemeji.

Ng'ombe alikipita kiazi, akaenda kuramba ukuta.

Aliramba ukuta wa matofali, taratibu, palepale, tena na tena. Alikuwa na beseni la uji kulia, gunia la pumba kushoto, viazi mbele, na yeye anaramba ukuta.

"Mama," alisema yule kijana, "ananuka pombe."

Nikasogea. Si pombe. Pumzi yake ilinuka tamu, utamu mbaya, kama ile dawa ambayo wasichana wa saluni wanafutia rangi ya kucha. Nikarudi nyuma, nikasogea tena kuhakikisha. Ilikuwa ileile.

Daktari alipokuja hakusema kwamba alituonya. Ningependa angesema, ningepata la kujibu. Aliweka sikio ubavuni mwa ng'ombe kwa muda mrefu, mahali ambapo tumbo linapaswa kunguruma, kisha akainuka. Halafu akatueleza, mimi na mama, tukiwa tumesimama katikati ya chakula. Maziwa yameanza kutoka na yanachukua sukari yote ya mwili. Yeye hali. Kwa hiyo mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe, na kwa sababu ni mengi sana yanashuka yote kwa pamoja kwenye ini, na ini limezidiwa. Harufu ile ni ya mafuta yanayoungua vibaya. Na kadiri ini linavyozidiwa, ndivyo hamu ya kula inavyozidi kuondoka.

"Donc, ni kusema anajikula mwenyewe," alisema mama.

"Ni vile, kaku."

"Na chakula yote hii?"

Daktari alitazama magunia, ndoo, beseni.

Alikuwa na chupa moja ya sukari ya kumwekea mshipani, akaimaliza. Zilihitajika nyingine. Nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka duka la dawa za watu, lile lililo karibu na soko, ambako muuzaji ni kijana mwenye miwani anayependa kuuliza.

"Serumu ya sukari, ile kali. Na gliserini," nilimwambia.

"Ni ya nani?"

"Ya muzazi."

"Alizaa siku gani?"

"Juzi."

"Eko na kilo ngapi?"

"Kama mia ine."

Mikono yake ilisimama juu ya rafu. Alinitazama juu ya miwani.

"Mama, uyu muzazi eko na pembe?"

"Mbili," nikasema. "Nilihesabu."

Alicheka, na mimi nikacheka, na ni kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika habari hii. Alitaja bei. Nikalipa. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipogundua kwamba sikumwomba apunguze hata kidogo.

Tukafunga chupa za serumu kwenye waya wa kuanikia nguo, katikati ya kanga za mama. Kijana wa Kivu hakwenda shimoni. Alishika kichwa cha ng'ombe, daktari akashika sindano, mama akashika mkia bila sababu yoyote, ili naye awe ameshika kitu. Tone baada ya tone, sukari ikaingia. Na kweli, baada ya muda macho yake yalichangamka, masikio yakasimama, akauma majani mawili matatu. Mama alipiga makofi polepole. Kufika jioni alikuwa amerudi ukutani.

Gliserini ilikuwa ya kunywesha kwa chupa ya bia. Daktari alitufundisha: chupa ipite pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe sana, umimine kidogo, umwache ameze, vinginevyo inaingia kwenye pafu. Nilimimina mimi. Ulimi wake ulikuwa unaisukuma chupa, si kwa ukali, kwa namna tu ya kukataa, na kimiminika kikawa kinanirudi mikononi mpaka kiwiko.

Nilijaribu kupatana naye. Najua ninachosema. Nilimletea pumba, akakataa, nikashuka kama anayeshusha bei. Pumba zilizochanganywa na chumvi. Nikashuka. Mahindi mabichi ya bustanini kwa jirani, ambayo si msimu wake na sitaeleza niliyapataje. Nikashuka. Majani ya viazi. Majani ya migomba. Nilisimama mbele yake kama ninavyosimama sokoni, nikitoa kimoja nikirudisha kingine, nikiangalia jicho lake, maana jicho la mteja husema kabla ya mdomo. Jicho lake lilinitazama kwa upole, na ndani yake hapakuwa na kitu chochote cha kuniambia. Hakuwa anajifanya anaondoka.

Na watu waliendelea kuja. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Walisikia amezaa, wakaja kumwona mzazi, na kwetu mzazi haonwi mikono mitupu. Mama mmoja alileta sukari ndani ya karatasi. Wachimbaji wawili walileta mkungu mzima. Kila aliyeingia alikuwa na hakika kwamba alicholeta yeye ndicho ng'ombe alichokuwa anakosa.

"Jaribu hii, mama. Hii hatakatala."

Nikawa napokea. Nilikuwa nashukuru, napanga kwenye ukuta, naenda kufungua geti tena.

Mchinjaji naye alikuja. Hakuleta kitu. Alisimama getini akiwa ameweka mikono nyuma, mtu mzima, mnene, mwenye heshima zake.

"Mama, angali anasimama?"

"Anasimama."

"Akiwa anasimama, mi nanunua. Akilala, nanunua pia, lakini tutaongea ingine. Akikufwa peke yake, hapo sitakuya."

Alikuwa anasema haki. Ndivyo na mimi ningesema. Alitaja bei yake, na niliijua ilivyopangwa, nilijua alikotoka nayo na alipokuwa tayari kufika, ningeweza kumpandisha mpaka huko nikiwa nimefumba macho. Nikamtazama mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafuta pua ya ng'ombe kwa pindo la kanga.

"Tata, weye ulishaona batu banachinja muzazi na mutoto angali ananyonya?" aliuliza, bila kugeuka.

"Kaku, ni nyama."

"Juzi alikuwa nyama. Leo ni muzazi. Rudia siku ingine."

Nilimuuliza daktari pembeni, kama ng'ombe angekuwa wake angefanya nini. Alisema hajui. Alisema wengine wanainuka, hata wakiwa hivi. Nikamuuliza wangapi. Akasema, "Wengine."

Mchinjaji alisubiri kidogo barabarani, kwenye kivuli cha lori lililoharibika, akijua anachofanya. Ningeweza kumwita. Mara mbili nilifika getini, mara mbili nikarudi. Mara ya tatu nilipotazama alikuwa ameondoka, na huyu hakuwa anajifanya.

Kesho yake ng'ombe alilala na hakuinuka. Tulimwegemeza kwa magunia ya pumba kila upande asianguke kwa ubavu. Zile pumba nilizopimiana na daktari robo kwa robo, hatimaye zikapata kazi. Ndama alikuwa anamsukuma kwa kichwa kwenye chuchu, na maziwa yalikuwa bado yanatoka. Hilo sikulielewa, na hata nilipoelezwa sikulielewa. Haingizi chochote na anatoa.

Alikufa mchana, mvua ya kwanza ikianza kunyesha, ile ya matone makubwa inayoinua harufu ya vumbi. Chupa ya mwisho ya serumu ilikuwa ingali nusu kwenye waya, inaendelea kudondoka. Daktari akaifunga.

Wachimbaji walikuja na makoleo yao. Kuchimba ni kitu ambacho hapa hukosi mtu wa kukifanya. Mama aliwaagiza waende kina cha kumtosha, wasipitilize kutafuta mengine, na wao wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Lile shimo ambalo alikuwa amelikataa miaka yote likachimbwa nyuma ya nyumba yake, naye amesimama pembeni akiangalia.

Walipomaliza nilisema maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Nilisema kila aliyeleta chakula najua alichokileta, na tutaona namna. Wakaosha makoleo kwenye maji ya mvua, wakaenda mmoja mmoja.

Kijana wa Kivu alirudi jioni. Chupa yake iliyong'aa alikuwa ameiacha nyumbani. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, kwapani.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mtoto." Akageuza uso, akakohoa. "Bibi alisema mzazi haonwi mikono mitupu. Mtoto je?"

Mama alipasha maji. Kijana akakoroga, akachovya vidole viwili, akavitia mdomoni mwa ndama. Ndama akavitema. Akavitia tena. Akavitema tena, akatazama upande wa ukuta. Mara ya tatu akavishika na kuanza kuvuta.

Daktari alikuwa anafunga kisanduku chake kwa ule mpira.

"Docta, anakunywa kipimo gani?"

"Lita mbili asubuhi, mbili jioni. Ya joto kidogo. Usipitishe, hata akilia."

Nililitazama lile kopo. Nilimtazama ndama, mbavu zake zote zilikuwa zinaonekana, zingeweza kuhesabika, na alikuwa anavuta vile vidole kama mwenye njaa ya siku nyingi. Lita mbili. Nilifungua mdomo. Mama alinyanyua kichwa kutoka jikoni, akanitazama.

"Sawa," nikasema. "Mbili."

Kama ni nyingi au ni kidogo, mi sijui.